Mate ya Tiya

Risasi ilitoboa mkoba wake mgongoni.

Achuka alijitupa nyuma ya birika la kunyweshea mifugo, akachomoa bastola yake ya Glock, akajibu mara mbili. Land Cruiser nyeupe ya Brandt ilikata kona na kutimua vumbi kuelekea Isiolo mjini.

Redio yake ya Motorola ilikoroma. Alikuwa Siham, mkubwa wake kazini.

"Mwache huyo, tumeziba barabara. Mtungi uko wapi?"

"Ndani ya tangi. Nimefika."

"Fundi aliyeutega ametapika siri yote. Kata waya wa bluu. Ukikata wa kahawia, sumu inamwagika. Saa yake imetegwa kumi na moja."

Ilibaki robo saa.

Tangi lenyewe lilikuwa la saruji, limechimbwa ardhini, na ndiyo maji pekee Kulamawe tangu mvua ikatae. Brandt aliitaka ardhi hii achimbe madini. Alishaona kwamba mfugaji hahami kwa maneno, basi akaamua kumtilia maji sumu. Mshenzi mkubwa.

Achuka alifungua mkoba. Miwani ya kuzamia, nzima. Chupa ya hewa, nzima. Kichupa cha dawa ya kuzuia kioo kisishike ukungu kilikuwa vipande vitupu.

Potelea mbali. Alivua buti.

"Wewe. Toka hapo."

Mwanamke alisimama juu yake na panga. Ni Tiya, mfugaji wa hapo, na ngamia wake walikuwa wakingoja zamu kwenye birika. Alikuwa amemwona Achuka tangu asubuhi, amekaa kivulini na watu wa Brandt, anatafuna miraa na kucheka nao. Kweli tupu. Ndivyo alivyojua tangi ni lipi. Kumweleza hayo mtu mwenye panga si mchezo, lakini alimweleza yote: kazi yake ya serikali, sumu, waya, saa. Tiya akamjibu kwamba hata wale walioteremsha mtungi walisema wanasafisha maji.

"Kama nadanganya, nifungie humo ndani kwa kifuniko hicho," Achuka alisema.

"Nitafunga, wallahi."

Achuka alivaa miwani, akazama.

Maji yalikuwa baridi ya kuuma mifupa. Tochi iliuona mtungi, umekazwa sakafuni kwa nati. Alisogea. Kioo cha miwani kikajaa ukungu.

Nyaya mbili. Zote kijivu.

Aliingiza maji kidogo kwenye miwani, akayatoa. Ukungu ukarudi palepale. Akapanda juu akitukana moyoni.

Kila mpiga mbizi anajua dawa ya bure: unatema mate kwenye kioo, unapaka kwa kidole, unasuuza kidogo, basi. Achuka alitema. Hakuna kitu. Akatema tena. Miraa ya kutwa nzima ilikuwa imemkausha mdomo kama ngozi iliyoanikwa. Hapo aliogopa, mara ya kwanza siku hiyo.

Akamnyooshea Tiya miwani.

"Tema hapa."

"Unanichezea?"

"Umetaka kunitemea tangu asubuhi. Tema."

Kwa Waborana mzee humtemea mtu mate kidogo kumbariki. Haya hayakuwa hayo. Tiya alikusanya ukame wote, ngamia wote waliomfia, na kila gari la serikali lililopita bila kusimama, akatema. Mengi. Nusu yalimpata Achuka puani.

Alipaka, akasuuza, akazama.

Bluu ilikuwa bluu. Kahawia, kahawia.

Koleo ikabana. Ikakata.

Taa ya mtungi ilizimika.

Alipotokeza kichwa, kifuniko kilikuwa kimefunga nusu ya mlango, na mkono wa Tiya ulikuwa juu yake.

"Umechelewa. Ningefunga."

"Najua."

Siham aliita: Brandt yuko chini na pingu, mafundi wako njiani kuung'oa mtungi, mnyama yeyote asinyweshwe kabla hawajamaliza kupima maji. Achuka alimpa Tiya habari hizo. Tiya aliwarudisha ngamia nyuma kwa fimbo, akinung'unika Kiborana maneno ambayo hayakuhitaji mkalimani.

Achuka alivaa buti. Alitoa miraa iliyobaki mfukoni, akaitupa, akatembea polepole hadi kwenye pikipiki yake.

"Wewe wa serikali," Tiya aliita.

Akageuka.

"Siku nyingine ukitafuna na wezi, lete hiyo miwani. Mate ninayo."

Achuka alipiga pikipiki teke, akaondoka. Puani bado alisikia harufu ya mate yale, ya maziwa ya ngamia, na hakujifuta.