Mawaridi Hupewa Uji Kwanza

Kila asubuhi Suyun alipika uji wa mawele. Alimpelekea binti yake Wenjing chumbani, akangoja mpaka bakuli litoke tupu. Wenjing alijifungua mwishoni mwa mwezi wa kwanza, katika baridi ambayo hata wazee wa kijiji hawakuwahi kuiona. Sasa ulikuwa mwezi wa tatu, na alikuwa amekuja na mtoto kupumzika kwa mama yake.

Akishaosha bakuli, Suyun alitoka nyuma ya nyumba kutazama mawaridi. Yalikuwa mashina arobaini. Aliyapanda mwenyewe mwaka alioolewa. Kila mwezi wa tano alichuma maua alfajiri, akayaponda na sukari, akayatia mitungini. Mwaka huu aliyahitaji zaidi. Mapema mwezi wa tano mjukuu wake angetimiza siku mia. Siku hiyo wageni hulishwa, na Suyun alikuwa ameahidi maandazi ya waridi kutoka shamba lake.

Lakini matawi yalikuwa meusi.

Mwezi wa pili jua liliwaka siku nne mfululizo. Deshun, mume wake, akadhani baridi imekwisha. Akafukua udongo uliofunika mashina tangu vuli, akamwaga samadi mbichi ya kuku palepale shinani. Siku ya tano barafu ikarudi.

Asubuhi moja Suyun alimkuta mumewe amesimama shambani, jembe begani.

"Mama Wenjing, hizi sasa ni kuni," alisema Deshun. "Nang'oa. Tupande viazi vitamu. Viazi havina miiba."

"Hung'oi."

"Nimeyapa samadi debe kwa debe, hata asante hayakusema."

Suyun hakucheka. Alimwomba angoje mpaka siku mia za mjukuu. Maua yasipokuwepo siku hiyo, yeye mwenyewe atashika jembe la pili wang'oe pamoja. Deshun alifikiri kidogo, akakubali. Akalitundika jembe ukutani, mahali ambapo mkewe angeliona kila anapotoka mlangoni.

Mchana huo Suyun alikwenda kwa jirani yao Guirong, aliyefanya kazi miaka ishirini kwenye kitalu cha waridi. Guirong hakukawia. Deshun aliwafuata shambani, mikono mgongoni kama mkaguzi.

Guirong alikwaruza gome la tawi kwa ukucha. Chini yake palikuwa pakavu, rangi ya kahawia. Akashuka shibiri moja, akakwaruza tena. Safari hii paling'aa kijani.

"Liko hai," alisema. "Limeumia tu."

Kisha akainama, akanusa. Akauliza ni nani aliyeweka samadi ile. Deshun akatazama paa la nyumba.

"Mgonjwa haulizwi uji," alijitetea. "Niliyaona yanaumwa, nikayapa chakula."

"Uji sawa, mdogo wangu. Wewe umeyapa nyama ya kondoo. Wenjing alipojifungua, siku ya kwanza alipewa nini?"

Aliyejibu ni Wenjing mwenyewe, dirishani, mtoto kifuani. "Uji, shangazi. Mwepesi mpaka nikaona maua yaliyochorwa chini ndani ya bakuli."

Guirong akaeleza taratibu. Mizizi ilikuwa bado imelala katika udongo wa baridi. Samadi mbichi huiunguza. Tena huharakisha machipukizi laini, na baridi ikirudi huyaua yote. Basi waizoe samadi ile, wailundike pembeni na kuifunika mpaka ioze vizuri. Udongo waurudishe shinani. Halafu wangoje.

Suyun alitaka kukata siku hiyohiyo. Guirong akakataa. Wasubiri matumba yavimbe kama punje za mchele, ndipo mkasi uingie. Kungoja huko kulimchosha Suyun kuliko kuzoa samadi. Kila asubuhi alipita mbele ya jembe, akahesabu matumba.

Mwishoni mwa mwezi yakavimba. Guirong akaja na mkasi mkali na chupa ya spiriti. Deshun alipoona chupa akaenda haraka kukagua pombe yake kabatini.

"Usihangaike," Guirong alimwambia aliporudi. "Yako ni nyepesi kwa kazi hii."

Alifuta mkasi kwa spiriti, na akaufuta tena kila alipohamia shina jingine, ili ugonjwa usisafiri. Kwanza wakakata kila tawi jeusi. Suyun akafundishwa kutazama kiini cha tawi. Kikiwa cha kahawia, ashuke chini, akate tena, mpaka akute cheupe kama nyama ya tofaa. Akate juu kidogo ya tumba linalotazama nje, mshazari, maji ya mvua yasimwagikie tumba. Matawi yanayosuguana, abakize lenye nguvu. Mazee na manene yaliyochoka, ayatoe chini kabisa.

Kwenye shina la kwanza Suyun alipima kila tawi mara mbili kabla ya kukata. Kufikia la kumi alitazama mara moja tu, akakata. Jioni matawi yote yaliyokatwa yalichomwa moto. Shamba likabaki vijiti vya kufika magotini.

"Umemaliza kazi yangu bila jembe," Deshun alisema.

"Ngoja," Suyun alijibu, akaendelea kunoa mkasi.

Katikati ya mwezi wa nne machipukizi yalifika urefu wa kidole. Sasa ndipo chakula kikaja. Walimwagilia maji, kisha wakaweka samadi ya zamani ya Guirong, iliyooza ikawa nyeusi, isiyo na harufu. Sepetu moja kwa kila shina, shibiri moja mbali na shina, ikachanganywa juujuu na udongo. Wakamwagilia tena, wakafunika kwa mabua ya ngano. Samadi ile Deshun aliibeba yeye, bila kuombwa.

Siku mia zikatimia. Suyun aliamka alfajiri, akachuma. Miaka mingine angejaza vikapu vitatu. Leo alipata kimoja na nusu, lakini maua yalikuwa makubwa, na machipukizi mapya yalikuwa yakipanda kutoka chini, manene na mekundu. Maandazi yakatosha wageni wote. Mtoto akapakwa sukari ya waridi mdomoni kwa ncha ya kidole cha babu yake.

Wageni walipoondoka akabaki Guirong tu, Deshun alishusha jembe ukutani. Suyun akasimama.

Deshun alipita mashina yaliyo hai, akaenda mpaka kwa matatu ambayo hayakuamka. Akayang'oa hayo tu. Akaegemea mpini, akamuuliza Guirong mashimo yale yajazwe lini.

"Vuli, majani yakianguka. Tutachukua machipukizi yenye mizizi pembeni mwa mashina haya."

Deshun akatikisa kichwa kukubali. Akafuta udongo kwenye jembe.

"Basi litangoja," alisema, akaenda kulitundika ghalani, nyuma ya mlango.