Kutoka Queensway Hadi Bayswater

Eluned alikutana na Clive Haddow stesheni ya Paddington, asubuhi aliyoshuka kutoka Cardiff na sanduku lililofungwa kamba, watu wakimpiga vikumbo kila upande. Clive, tai shingoni na wino vidoleni, alikuwa akibandika ukutani ramani ya treni za chini ya ardhi. Kuichora ndiyo iliyokuwa kazi yake.

“Usibabaike na mitaa, dada. Wewe fuata rangi tu.”

Eluned akafuata rangi, na baada ya miezi minne akawa anamfuata na mchoraji mwenyewe.

Kila Jumanne jioni Clive alikwenda Bayswater kumjulia hali shangazi yake, mgonjwa wa moyo. Basi siku moja Doris, mwenzake Eluned kazini kwenye kiwanda cha nguo, akamnong'oneza:

“Clive wako nimemwona Queensway, kashikana mikono na mwanamke wa koti jekundu. Viatu virefu hivi! Hana hata haya.”

Wivu ukamkaba. Kwenye ramani Queensway iko mstari mwekundu, Bayswater mstari wa kijani. Akampigia simu ofisini.

“Jumanne ulikuwa wapi, mpenzi?”

“Si kwa shangazi, Bayswater?”

“Na Queensway?”

Clive akasita. “Nilipita kidogo.”

“Mtu hapiti kidogo mstari mwingine, Clive!” Akamkatia simu.

Jumanne iliyofuata akavaa gauni lake la buluu, akapaka rangi ya mdomo, akajibanza mlangoni pa stesheni ya Queensway. Kweli akawaona kwa nyuma: Clive na koti jekundu, wanaingia ukumbi wa dansi, wanacheka. Akaapa kwenda kwa huyo shangazi akamweleze kwamba mpwa wake ni mtu wa namna gani.

Akateremka chini, akapanda treni, akashuka Notting Hill Gate kubadilisha, akangoja treni iliyochelewa karibu saa nzima, akapanda. Alipotokeza Bayswater aliduwaa: stesheni aliyoiacha ilikuwa palepale, juu kidogo kwenye mtaa uleule! Na Clive huyo anakuja, kashikana mkono na yule wa koti jekundu.

“Eluned! Unafanya nini hapa?”

“Nakwenda kwa shangazi yako, nikamwambie unayoyafanya!”

“Niambie basi,” alisema yule mwanamke akihema, poda imejaa kwenye makunyanzi. “Mimi ndiye. Lakini ukimweleza daktari kwamba nacheza dansi, tutakosana. Huyu Clive nimemwapisha asimwambie mtu.”

Eluned alitamani ardhi immeze. Clive hakucheka.

“Umenivizia?”

“Nimekuvizia. Wiki nzima sijala.”

“Ukaamini ramani kuliko mimi?”

“Si wewe uliyeichora!”

“Mitaa tunaiacha makusudi, watu wasichanganyikiwe.”

“Na mimi nimechanganyikiwa!”

“Miguu inaniuma,” shangazi alisema. “Gombaneni huku mnatembea.”

Wakatembea. Mbele ya duka la maua Clive akasimama ghafla.

“Nikikuoa, wivu huu utapungua?”

Eluned alifikiri kwa dhati. “Hapana. Utazidi.”

“Haya,” Clive akashusha pumzi. “Nakuoa hivyohivyo.”