Mwalimu wa Jiografia Aliyepotea

Kidonge kiliteremka kutoka reli ya juu bila kelele, kikafungua ubavu wake, kikammeza mama mmoja mwenye kikapu cha zabibu, kikajifunga na kuondoka. Hakuna aliyemuuliza mama huyo anakwenda wapi, na yeye mwenyewe hakusema. Alikuwa amegusisha tu kadi yake kwenye nguzo ya kituo cha Makole, na kadi ikakumbuka kwamba leo ni Jumanne, na kila Jumanne yeye hupeleka zabibu kwa wifi yake Ihumwa.

Hivyo ndivyo Dodoma ilivyosafiri katika miaka hiyo. Kwingineko watu humeza vidonge; Dodoma vidonge ndivyo vilivyomeza watu. Jina hilo halikutoka kwa wahandisi bali kwa wauza karanga wa vituoni, maana wahandisi walikuwa wameviita vyombo huru vya usafiri wa pamoja, jina linalomchosha msomaji kabla hajalimaliza. Kadi yenyewe iliitwa kaditambuzi. Ulijaza salio mwanzoni mwa mwezi, ukaitia mfukoni, na baada ya wiki chache za kukuchunguza ilizijua nyendo zako kuliko mke wako. Ilijua siku yako ya kazi, ya soko na ya ibada, na kwa baadhi ya wanaume ilijua na mengine ambayo ilikuwa na adabu ya kutoyataja.

Aliyeifundisha kaditambuzi kazi hiyo alikuwa Mhandisi Nyemo Chilewa, mwanamke mwembamba wa miaka arobaini na kitu, mpenda mambo yaliyonyooka. Aliamini kwamba kila safari ina mwanzo na mwisho. Mtu huondoka hapa akafika pale. Akifika pale akarudi hapa, kisha akaenda tena pale na kurudi tena hapa, bila kununua kitu wala kuketi mahali, basi huyo ana shida, na mji wenye huruma haumwachi mwenye shida azunguke ovyo.

Kwa sababu hiyo Nyemo alitunga Kanuni ya Waliopotea, hasa kwa ajili ya wazee. Kidonge kikimshuku mzee kwamba amepotea, kilisimama kituo cha karibu, akaingia roboti mmoja mwenye mikono ya sponji aliyeitwa mtulizaji. Mtulizaji alimfunika mzee blanketi, akampa uji, akamwimbia wimbo wa kubembelezea watoto, kisha akampelekea mwanawe taarifa. Mzee akikutwa hivyo mara tatu, kadi yake iligeuzwa kuwa kadi ya mlezi: kidonge hakikufunguka mpaka mtoto wake, huko aliko, akubali. Kwa kanuni hiyo Nyemo alipewa nishani katika ukumbi uliopambwa vizuri. Wazee hawakualikwa.

Taarifa ya kwanza kuhusu baba yake, Nyemo aliidhania hitilafu. Ilipokuja ya pili, baba alimwambia kwamba alisinzia. Ya tatu ilimkuta kikaoni. Ilimweleza kwamba Mwalimu Yeremia Chilewa, mkazi wa Kizota, ameonekana akienda Nzuguni, akirudi Kizota, akienda tena Nzuguni na kurudi tena Kizota, mchana kutwa. Ameshafunikwa blanketi. Uji ameukataa.

Nyemo aliomba udhuru, akaingia chooni, akalia. Baba yake alikuwa mwalimu wa jiografia. Alikuwa na uwezo wa kuchora ramani ya Afrika ubaoni bila kuitazama, uso ameuelekeza kwa wanafunzi, akiwakanya wanaonong'ona, na bado ghuba zote zikakaa mahali pake. Leo mtu huyo anapotea kati ya Kizota na Nzuguni. Nyemo alinawa uso, akaenda kumwona.

Alichokikuta nyumbani kilimvunja moyo zaidi. Mzee alikuwa amepaka nywele piko akayasahau masharubu, kwa hiyo juu alikuwa kijana na chini babu. Siku hiyo ilikuwa ya katikati ya wiki, lakini alivaa shati la kanisani, limepigwa pasi hadi kola. Kwenye friji kulikuwa na chupa za soda ya tangawizi, na Nyemo alijua fika kwamba baba yake hanywi soda. Salio la kadi yake, ambalo zamani lilikuwa likivuka mwezi, sasa lilikuwa linakwisha kabla mwezi haujanoga. Dalili zote hizo Nyemo alizipanga kichwani, zikampa jibu moja, jibu la ugonjwa.

Akaketi karibu naye, akamuuliza kwa upole alikuwa anakwenda wapi siku ile. Mzee alitazama ukuta, akatazama dari, akakohoa kikohozi kisicho na mafua. Mwishowe alisema kwamba labda ni kweli, labda amepotea.

Nyemo alimpeleka kwa daktari. Huko mzee aliulizwa huu ni mwezi gani, akajibu sawasawa na kuongeza maelezo kuhusu pepo za msimu huo na mahali jua lilipo. Kisha akamwona binti yake anavyomtazama kwa matumaini, akaona akionekana mzima ataulizwa tena alikokuwa anakwenda, akajikuna kisogo na kusema kwamba pengine ni Desemba. Daktari aliandika kwamba hajawahi kuona mgonjwa wa namna hiyo. Kilichobaki kilikuwa kwenda ofisi ya vidonge, mlezi athibitishe, kadi igeuzwe.

Siku waliyokwenda, ukumbi wa kusubiria ulikuwa na watu wawili tu. Mmoja alikuwa mwanamume mnene aliyevaa suti ya kubana, Lameck, muuza mbolea aliyekuwa amefika asubuhi hiyo kutoka Mwanza. Wa pili alikuwa mama yake, Bi Eunike, mjane wa Nzuguni, mwenye kitenge cha bluu na uso wa mtu aliyeletwa kwa nguvu. Yeye pia alikuwa amekutwa amepotea mara tatu. Nyemo alimwamkia shikamoo, akaitikiwa marahaba kwa sauti nzuri ya kwaya. Mwalimu Chilewa alimsalimia mama huyo kama anavyosalimiwa mgeni kabisa, kisha akaenda kuketi kwenye benchi la mbali kuliko yote, akaishika kofia yake magotini na kuanza kuisoma lebo.

Pengine yote yangepita salama kama si roboti wa mapokezi. Huyu alifundishwa ukarimu lakini siri hakufundishwa. Alizisoma kadi mbili zilizoletwa, macho yake yakawaka kijani kwa furaha.

"Karibuni sana," alisema. "Ninyi ndio abiria wetu mnaopotea pamoja."

Lameck aliuliza hilo lina maana gani. Roboti akaiwasha ramani ya mji ukutani. Taa mbili ndogo zilitoka Makole, kwenye mazoezi ya kwaya, zikaenda Nzuguni zikiwa zimeandamana. Pale Nzuguni zikasimama kituoni kwa muda mrefu, bila kutoka. Kisha zote mbili zikaondoka, zikavuka mji mzima hadi Kizota, zikasimama tena. Halafu zote mbili zikarudi Nzuguni, na baadaye zote mbili Kizota. Roboti aliongeza kwamba wiki iliyotangulia ilikuwa hivyo hivyo, na wiki kabla ya hiyo pia.

Lameck aliitazama ramani kwa hofu ya kweli. "Dada Mhandisi," alimuuliza Nyemo, "ina maana ugonjwa huu unaambukiza?"

Macho ya Nyemo yalikuwa ukutani, yakitafuta kosa la mashine, na kosa la mashine halikuwapo.

Lameck akakata shauri. Alisema kwake Mwanza kuna chumba kimesimama bure, watoto wanamlilia bibi yao, na mambo ya vidonge na blanketi yaishe leo. Angethibitisha ulezi, na kabla wiki haijakwisha mama angehamia Mwanza. Alisema haya kwa mapenzi, kwa hilo lazima apewe haki yake. Akanyoosha kidole tayari kukibonyeza kwenye kioo cha roboti.

Lakini kanuni ilimtaka roboti amuulize kwanza abiria mwenyewe alikuwa anakwenda wapi, na maneno ya abiria yalihesabika kuliko ya mlezi. Nyemo mwenyewe ndiye aliyeiandika ibara hiyo, alipokuwa bado hajachoka. Roboti akamgeukia Bi Eunike, akamuuliza.

Bi Eunike alikizungusha kitenge chake vizuri begani. Alitazama mbele, si upande wa benchi la mbali.

"Kama nimepotea, nimepotea," alisema. "Anayejua nilikokuwa nakwenda na aseme. Mimi ni mwanamke, sitatangulia kusema."

Mwalimu Chilewa aliigeuza kofia yake, akaigeuza tena. Nyemo alimtazama baba yake, akaona anamwibia Bi Eunike jicho, na ndipo, kwa kuchelewa kuliko watu wote mle ndani isipokuwa Lameck, akaanza kuelewa. Soda za tangawizi. Piko. Alitamani kucheka na alitamani kujificha chini ya meza.

Mzee akasimama.

"Mama Lameck alikuwa anakwenda kwake," alisema, akimwambia roboti, kwa sababu roboti ndiye peke yake aliyeweza kumtazama usoni. "Mazoezi yalikwisha, nikamsindikiza. Tulipofika Nzuguni akaona si vizuri mimi nirudi peke yangu, akanisindikiza. Tukafika Kizota. Sasa ningemwachaje mwanamke arudi peke yake mpaka Nzuguni?"

Roboti alitafakari. Aliuliza tena, kwa upole uleule, kituo cha mwisho kilikuwa kipi.

"Hakikuwapo. Nilikuwa sitaki kumuaga."

Kisha akamgeukia Lameck, akaiweka kofia kifuani. Alimwambia kwamba mambo haya yana utaratibu wake, kwamba ilipaswa aletewe mshenga mwenye heshima, na akamwomba radhi kwa kuyasikia mbele ya mashine. Mshenga angefika Mwanza bila kukawia. Lameck alifungua mdomo, akaufunga, akakitazama kidole chake kilichokuwa bado kimenyooshwa hewani, akakirudisha mfukoni. Bi Eunike alisema mshenga huyo asije akapanda kidonge, wasije wakamfunika blanketi. Alisema hivyo bila kutabasamu, lakini bega lake lilicheka.

Nyemo alimvuta baba yake pembeni. Alimuuliza ilikuwaje akubali kuitwa mgonjwa wa akili, apelekwe kwa daktari, akatae hata kujua mwezi, wakati neno moja lingetosha.

"Ugonjwa wangu nitakuambia, mama, na njaa yangu nitakuambia," mzee alijibu. "Hili baba hamwambii binti yake. Hata leo nimemwambia roboti, wewe umesikia tu."

Nyemo aliketi mbele ya mtambo na kuifundisha kaditambuzi aina mpya ya safari, safari ya kusindikiza. Mtambo ulitaka kujua inaanza wapi, akaueleza. Ulitaka kujua inaishia wapi, akashindwa, akawageukia wale wawili. Bi Eunike alisema inaisha watu wakichoka. Nyemo aliandika hivyo hivyo, na mtambo, baada ya kusita, ukakubali.

Hapo ndipo alipofanya jambo ambalo baadaye alitamani angelifanya mapema zaidi. Aliuamuru mtambo umwonyeshe wengine wote waliowahi kupotea namna hiyo. Ukuta ukajaa taa. Zilikuwa mbilimbili kila upande wa mji: madada wawili wa Ipagala, wastaafu wawili wa Nkuhungu waliokuwa wakibishana njiani, bibi na jirani yake wa Hombolo, wote wakienda na kurudi, wakifikishana na kurudishana. Kisha, kadiri tarehe zilivyosogea, taa moja katika kila jozi ilizimika pale kadi ilipogeuzwa, na ile iliyobaki ilikwenda peke yake mara chache, halafu nayo ikaacha kutoka. Nyemo aliangalia mpaka mwisho. Aliona aibu, na nishani yake ilikuwa ofisini ukutani, kwenye fremu.

Akaandika amri ya kuwarudishia wote kadi zao. Kabla hajaituma, aliingiza namba ya kadi yake mwenyewe, ajione. Ukiacha safari chache za hivi karibuni za kumhangaikia baba, mistari yake ilikuwa imenyooka kama alivyopenda, nyumbani hadi kazini, kazini hadi nyumbani, miaka yote. Hakukuwa na taa ya pili kando yake hata siku moja, wala ya baba yake.

Aliituma amri, akachukua mkoba na kusimama haraka, kwa maana baba yake alikuwa tayari mlangoni akivaa kofia. Alimwambia amsubiri, leo angemsindikiza mpaka Kizota. Mzee alimtazama kwa huruma, akamtazama na Bi Eunike aliyekuwa anamngoja nje kwenye nguzo, kadi mkononi.

"Leo nimeshapata wa kunisindikiza, mwanangu," alisema. "Wewe njoo Jumapili, ule na sisi. Ukiondoka tutakusindikiza sote wawili mpaka kwako, halafu ujue mwenyewe namna ya kuturudisha."