Aliyebisha Hodi Kwenye Gemu ya Mama Mkwe

Simu ya mama mkwe haina kesho. Ikiita, unakwenda.

Basi Kebo akaenda. Ilikuwa mara ya nne ndani ya wiki mbili, jua linazama, na mgongo unamuuma kwa kushinda juu ya ngazi za watu. Kebo ni fundi wa intaneti, na jina hilo amepewa na waya anazotembea nazo begani. Siku hiyo alikuwa ameunganisha nyumba sita, na wenyewe wote walimshukuru. Nyumba moja tu ndiyo iliyomshinda: ya mama wa mke wake. Jamani, hata ingekuwa ya adui si afadhali?

Na mkewe alishamwambia waziwazi: "Leo usirudi hapa mpaka mama acheze gemu yake mpaka mwisho. Tangu baba afariki hana kingine kinachomchekesha. Ukishindwa wewe fundi, nani ataweza?"

Usicheke, msomaji. Mama mkwe anacheza gemu, tena vizuri. Ile mashine ilinunuliwa kwa ajili ya mzee alipopooza mkono, daktari akashauri vidole vifanye mazoezi. Wakawa wanacheza mpira wa kwenye runinga, mzee na mkewe, wakitaniana kama watoto. Mzee akafa. Miezi mitatu mama alikaa anatazama ukuta, chakula hagusi, mpaka watoto wakaanza kuogopa kwamba watamzika na yeye. Siku moja akawasha mashine, akaunganishwa na wachezaji wa mbali, akafunga bao. Akacheka. Mke wa Kebo alikisikia kicheko kile kwenye simu, akalia.

Sasa mtandao unakata. Kila jioni giza likianza kuingia, katikati ya mechi... pu! Na mama ameanza tena kuacha chakula.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kutengeneza, au umekuja kuniambia nizime niwashe?"

Kebo akatua waya zake chini. Kuzima na kuwasha alishafanya. Waya alibadilisha. Ruta, kile kisanduku cha kugawa mtandao, aliitoa nyuma ya friji akaiweka juu ya kabati. Akaleta ruta nyingine, mpya kabisa. Mashine ya gemu akaichomekea waya moja kwa moja. Kilichobaki kubadilishwa ni mama mkwe, na huyo habadilishwi.

"Hebu cheza, mama. Nataka nione mtandao unavyokata."

Akasimama kwenye korido, simu mkononi, amefungua ukurasa wa ruta unaoonyesha kila kifaa kilichoshika mtandao ndani ya nyumba. Mashine ya gemu. Simu ya mama. Simu ya Kebo mwenyewe. Vitatu, basi.

Mama akakunja miguu kwenye kochi, padi ya kuchezea mkononi. "Leo niko na Jirani."

"Jirani gani, mama?"

"Ndivyo anavyojiita humo. Ananipa pasi nzuri huyo! Na ana adabu kuliko nyinyi. Kila jioni lazima abishe hodi."

"Hodi? Kwenye gemu?"

"Hodi. Na kila nikifungua mdomo nimkaribishe, huo mtandao wako unakata. Mgeni unamwachaje mlangoni, baba? Ataniona sikulelewa."

Mtu mwenye akili iliyotulia angeuliza: mchezaji wa mpira anabisha hodi ya nini? Anataka kuingia wapi? Lakini Kebo akili yake ilikuwa imejaa hasira mpaka juu. Alichosikia ni "mtandao wako", kama vile aliuzaa yeye.

Nje giza likashuka. Mama akapiga mashuti mawili. Halafu kwenye spika za runinga ikaja sauti ya chini, taratibu, kama ya mtu aliyeinama.

"Hodi..."

Kwenye simu ya Kebo kikatokea kifaa cha nne.

Hakikuwa na jina, namba tupu. Kikauvuta mtandao wote kwa mkupuo mmoja. Taa ya ruta ikawa nyekundu, runinga ikaganda.

"Umeona?" Mama akajipiga paja. "Umeona, baba?"

Ameona! Kumbe kuna mwizi! Kebo karibu aruke kwa furaha. Akaanza kumfuata, hatua kwa hatua, akipima nguvu ya mawimbi kwa simu. Sebuleni, hafifu. Jikoni, hafifu. Mwisho wa korido, mbele ya mlango wa chumba cha kulala cha mama mkwe, mshale wa kipimo kwenye simu ukapanda mpaka mwisho.

Hapo ufundi ukagonga mwamba. Kebo amepanda vitanda vya watu asiowajua ili atoboe ukuta. Lakini chumba cha mama mkwe? Hata kuugusa mlango wake alikuwa hajawahi.

"Mama... samahani. Humo chumbani kuna kifaa gani?"

"Chumbani mwangu?" Sauti ya mama ikabadilika. "Mna kitanda na nguo zangu. Wewe unataka nini humo?"

"Hapana mama, nauliza tu. Labda ukaangalie mwenyewe..."

"Niangalie nini? Rudi huku!"

Kebo akarudi nyuma hatua mbili, masikio yanamuwaka kwa aibu. Pale mlangoni palikuwa na harufu ya dawa ya kuchua, ile aliyokuwa akipakwa mzee mkononi. Akajiambia ni nguo za zamani.

Kwa nyumba nyingine yoyote angeingia, akakiona kitu kwa macho ndipo akakikata. Kila fundi anafundishwa hivyo: usikate usichokijua. Siku hiyo alikatia kwenye korido, kwa aibu na kwa hasira. Akagusa ile namba, akabonyeza *Zuia*.

Ndani ya chumba mtu akakohoa.

Mara moja tu. Mama hakusikia, maana runinga ilikuwa imerudi, taa ya ruta kijani safi. Akafunga bao, akafunga la pili, akacheka kile kicheko chake mpaka Kebo akasikia machozi yanamlenga. Akamwandikia mkewe: *Imekubali!*

"Hodi..."

"Karibu!" mama akaitika. "Karibu sana Jirani! Karibu ndani!"

Mtandao haukukata.

Kelele za mashabiki kwenye runinga zikanyamaza zote kwa pamoja. Nyumba nzima ikanuka udongo mbichi, ule wa chini kabisa, usiojua jua. Halafu Kebo akasikia nyayo. Chap... chap... chap... Miguu yenye maji, inapita nyuma ya kochi, inaingia kwenye korido. Ubaridi ukampitia miguuni. Mlango wa chumba cha kulala ukafunguka wenyewe, ukajifunga taratibu.

"Mama?" akanong'ona.

"Nipo huku, baba."

Ilikuwa sauti ya mama mkwe, ileile.

Imetoka chumbani.

Kebo akageuka. Mama yuko kwenye kochi. Padi mkononi, macho wazi, hapepesi. Mdomo umefungwa.

"Ingia, baba," sauti ikasema kule ndani. "Ingia tu, usione haya."

Mama mkwe yule, aliyemfukuza mlangoni dakika kumi zilizopita! Kifua cha mama hakipandi tena. Midomo imeanza kuwa ya bluu. Kebo akamtikisa bega, akasahau heshima zote. Bega lilikuwa baridi na zito.

Zuio. Aliondoe zuio. Kwa nini alifikiri hivyo, hata leo hawezi kukueleza. Akafungua ukurasa wa ruta, vidole vinateleza kwa jasho. Ukurasa ukazunguka.

Ukazunguka...

Fundi mzima anasubiri ukurasa ufunguke! Akatukana matusi asiyowahi kuyatoa mbele ya mkwe.

"Baba... mbona huji?"

Kitasa cha chumba kikaanza kugeuka.

Ukurasa ukafunguka. Akabonyeza.

Taa nyekundu. Runinga ikaganda. Chumbani kitu kikaanguka kwa kishindo, halafu kikaja kikohozi, kile cha kukwaruza, cha marehemu mzee, mara tatu mfululizo. Kitu kikalia dirishani kama paka aliyekanyagwa, kikaenda mbali, kikapotea.

Mama akavuta pumzi ndefu. Akatazama runinga, kisha akamtazama mkwe wake.

"Umeshaharibu tena!"

Kebo akapiga magoti pale sakafuni, analia na kucheka. "Nisamehe, mama. Imenishinda."

Mama hakukumbuka chochote baada ya bao la pili. Kebo alipomweleza habari za Jirani, mama alimtazama kama mlevi. Na mkewe nyumbani? "Yaani ruta imekushinda, unasingizia mashetani?" Siku tatu wakalala wamepeana migongo. Shemeji zake wakambatiza jina, Fundi wa Watu, kwa sababu kwa watu anaweza, kwao hawezi. Kebo akalibeba. Liliuma, tena sana, lakini akalibeba. Kila jioni giza likiingia alifungua ukurasa wa ruta ya nyumba ile kwa simu yake, akasubiri. Kifaa cha nne kinatokea. Mtandao unakata. Ndipo anaposhusha pumzi na kuvua viatu.

Jumamosi moja, saa hiyohiyo ya giza, yuko juu ya ngazi ya mtu, simu ikaita. Mama mkwe, mwenye furaha tele.

"Baba, usijisumbue tena na hiyo ruta. Nimepata fundi mwingine. Kasema ni kitu kidogo tu."

"Fundi gani, mama? Mwambie asiguse kitu!"

"Huyu si mkwe, hana cha kuonea haya. Nimemwambia aingie chumbani akitafute. Kumbe ni kile kisimu cha zamani cha marehemu! Kilikuwa chini ya godoro upande wake. Betri haina, baba, sijui hata kilikuwa kinawakaje."

"Mama, nakuomba. Mwambie akirudishe palepale. Sasa hivi!"

"Arudishe nini? Keshaondoka nacho, nimemwambia akakitupe. Na mtandao safi, nimeshafunga matatu! Wewe ungekubali tu mapema kwamba imekushinda."

"Mama, zima runinga! Mama!"

"Usinipigie kelele, baba. Hebu ngoja kwanza, kuna mtu anabisha hodi, nimkaribishe."