Harufu ya Ndizi Mbivu

Benadetha wa Izigo alikuwa na mzinga mmoja tu wa nyuki, aliopewa na kikundi cha akina mama. Aliutundika nyuma ya migomba. Kila alipokwenda kuchuma kahawa, alisimama kidogo kuusikiliza. Aliupenda, basi.

Siku moja mumewe, Kahangwa, alikanyaga ndizi mbivu za rubisi, pombe ya ndizi, hadi adhuhuri. Alipomaliza, akaamua kumrinia mkewe asali. Alikuwa ameona kwenye simu Wazungu wakifungua mizinga mikono mitupu, tena wanacheka. Naye ni mbishi, hataki kushindwa. Alipofunua tu, nyuki mmoja alimchoma mkononi, kisha kumi, kisha hakuhesabu tena. Mbuzi aliyefungwa karibu alikufa.

Benadetha alimkwangua miiba kwa ukucha huku akilia, akamkimbiza zahanati. Waliporudi, Kahangwa alisema kesho atauchoma moto mzinga ule. Usiku ule Benadetha hakulala. Kulipokucha alimfuata Annastella, mtaalamu wa nyuki wa kata, akaja naye nyumbani.

Annastella hakumkemea mtu. Alieleza kwamba nyuki wengi wa Ulaya wamefugwa miaka na miaka na watu waliochagua wapole. Nyuki wetu wameishi na nyegere, siafu na warina asali wenye moto. Waliochelewa kukasirika hawakubaki. Kisha akamuuliza Kahangwa kwa heshima ya Kihaya:

"Waitu baba, jana asubuhi ulikuwa na kazi gani?"

"Kukanyaga ndizi."

"Ukaoga?"

Kahangwa alitikisa kichwa kukataa.

"Nyuki akichoma anaacha mwiba. Mwiba ule unatoa harufu ya kuwaita wenzake waje kupigana, na harufu hiyo inafanana na ya ndizi mbivu. Wewe ulikwenda umejipaka mwili mzima."

Kahangwa alicheka kwa aibu, midomo bado imevimba. Hakutaja moto tena.

Waliuhamishia mzinga mpakani mwa shamba, mbali na nyumba na mifugo. Msimu ulipofika, Annastella aliwaazima mavazi na bomba la moshi. Jua likizama, walipuliza moshi kwanza, wakafungua taratibu. Kahangwa alichomwa mara moja. Alikwangua mwiba, akapuliza moshi palepale, nyuki wakatulia. Asali ilijaza ndoo.

Kahangwa bado anakanyaga ndizi, na bado ni mbishi. Lakini kabla ya kwenda mzingani humnyooshea mkewe mikono. Benadetha huinusa bila haraka.

"Rudi ukaoge," humwambia mara nyingine.

Naye hurudi kuoga.