Upande Wenye Misumari

Jumamosi, saa mbili asubuhi, vikono vyote vya mpasheni vilikuwa vimeliacha jua na kuielekea nyumba.

Kichanja cha kuutambaza mmea huo kilikuwa na siku tatu. Fundi aliyeitwa Mabaki, kwa kuwa hata kivuli cha mbao hakukitupa, alikijenga kwenye bustani ya uani kwa vitu alivyookota kwenye nyumba iliyobomolewa mtaa wa pili: miguu ya kitanda, mbao za dari, na katikati grili nzima ya dirisha. Upande mmoja wa grili ulichomelewa misumari saba. Aliuelekeza kwenye nyumba, isije ikaukata mmea.

Saa sita mchana mshonaji, mwenye nyumba, alishikwa na uchungu wa uzazi. Mumewe alikuwa safarini. Mama mkwe alibeba begi, akafungua mlango wa mbele, wakatoka. Wakajikuta wanaingia jikoni.

Walirudia mara nne. Mama mkwe alisingizia uzee, akasema miguu yake imeanza kumcheza shere. Mshonaji hakucheka.

Akalala kitandani. Ikaja harufu ya chumba kilichofungwa miaka mingi, kisha mkwaruzo wa kucha ukutani, chumba hadi chumba, kama wa mtu anayepapasa gizani akitafuta mlango, na kila uchungu ulipombana mshonaji mkwaruzo ulisogea, mpaka ukakoma kando ya magoti yake, kikabaki kitu kinachopumua alipopumua na kunyamaza aliponyamaza, kwa sababu nyumba nzima ilikuwa imefungwa na njia moja tu ilikuwa inafunguka.

"Mama," alinong'ona, "linamsubiri mwanangu."

Mama mkwe alichungulia dirishani, akaona mmea ulivyoielekea nyumba tangu kichanja kijengwe, akampigia fundi simu. Alifika saa nane, akasimama bustanini, nyuma ya kichanja. Alikiri kwamba watu walimwonya: chumba chenye grili ile kilifungiwa jini, na misumari ndiyo iliyolizuia lisitoke. Yeye aliona chuma kizuri.

"Misumari ilitazama wapi?" mama mkwe aliuliza dirishani, kwa sauti ya chini.

"Ndani."

"Na hapa kwetu?"

"Ndani, mama. Nimewafungia nalo."

"Basi igeuze, baba."

Alimweleza kwamba akiigeuza jini likiwa bado chumbani, litatoka pamoja nao. Lazima kwanza lihamie bustanini. Alilegeza boliti, akaizungusha grili nusu, ikakaa ubavu kama mlango ulioachwa wazi. Kisha akaliita. Hakusoma chochote. Aliliambia huku kuna jua na hakuna dari.

Harufu iliondoka kitandani, ikapita jikoni, ikatoka. Majani ya mpasheni yakatikisika.

"Limefika," alisema fundi.

"Pita upande huu kwanza, mwanangu," mama mkwe alimwambia.

"Boliti ziko huku."

Akamalizia kuizungusha. Misumari ikatazama bustani.

Saa tisa na dakika ishirini wanawake walifungua mlango wa mbele, wakatokea barabarani. Mtoto wa kike alizaliwa hospitali kabla ya magharibi, mzima.

Ukuta wa bustani unamfika mtu kiunoni. Fundi aliuruka mara nyingi; kila mara alitua palepale, ndani ya bustani. Alikataza mtu yeyote asiiguse grili.

Jumatatu, saa moja asubuhi, mama mkwe alimpitishia chai juu ya ukuta. Fundi aliomba vikombe viwili. Vyote vilirudi vitupu.