Studio Yasmini Haibadilishi Jina

Asubuhi hiyo Nuhad alikuwa jikoni kwake Damasko, anajaza njugu za jozi na pilipili kwenye bilinganya ndogo za kuweka akiba. Mumewe, Ghiyath, akaingia kutoka benki, uso umemshuka.

"Mama Karam, pesa za tamthilia zimezuiwa."

"Na nani?"

"Na baraza moja huko ng'ambo. Studio yetu imewekewa vikwazo. Eti sisi ni mdomo wa serikali."

Nuhad alitupa kisu kwenye sinia. Mdomo wa serikali! Studio Yasmini ilikuwa yao wawili, na kazi yake ni kuzitia tamthilia za Kituruki sauti za Kiarabu. Mabibi harusi wanaolia, mawifi wenye fitina, basi. Sasa wateja wa nje hawawezi kuwalipa, na waigizaji watakaa nyumbani.

"Wamewahi kukanyaga hapa?" alifoka. "Wamesikiliza hata kipindi kimoja?"

"Tulia. Njia ipo. Tunafunga Yasmini, tunafungua studio nyingine Beirut kwa jina la shemeji. Kila mtu anafanya hivyo."

"Nijifiche kama mwizi? Nimeiba nini mimi?"

Kelele zilivuka ukuta. Jirani yao Sawsan, mwanasheria ambaye mtaa ulimwita Ustadha, akabisha hodi na kikombe chake cha kahawa mkononi.

"Jamani, mtaa mzima unawasikia. Kuna nini?"

Wakamweleza. Waliposema habari ya shemeji, Sawsan aliweka kikombe chini.

"Baba Karam, ukifanya hivyo umejimaliza. Kukwepa vikwazo ni kosa peke yake, na shemeji naye ataingia matatani. Watasema, mnaona, walikuwa na la kuficha."

"Sasa tufanyeje, Ustadha? Tuwapigie magoti?"

"Mtawashtaki."

Ghiyath akacheka. "Studio ya vyumba viwili imshtaki nani? Wakili tumlipe nini?"

"Vikwazo ni uamuzi, na uamuzi hupingwa mahakamani. Huko kwao ipo mahakama ya kesi hizi, na mgeni anaruhusiwa. Kwanza tunaliandikia baraza litupe sababu na ushahidi. Wao ndio wanaotakiwa kuthibitisha, si ninyi kujitakasa. Lakini kuna siku ya mwisho ya kufungua kesi. Ikipita, hakuna atakayewasikiliza. Na mnaweza kuomba ruhusa, sehemu ya pesa zilizozuiwa imlipe wakili na iwanunulie chakula."

"Pesa yangu mwenyewe niiombee ruhusa!"

"Ndiyo, Mama Karam. Kasirika, lakini omba."

Wakaomba. Wakaandika. Majibu yalipokuja, ushahidi ulikuwa kipande cha gazeti kuhusu kampuni nyingine iitwayo Yasmini, ya mkwe wa waziri, iliyotangaza hotuba za wakubwa. Nuhad alikitupa kipande hicho mezani.

"Mji huu kinyozi ni Yasmini, duka la dawa ni Yasmini, hata fundi betri ni Yasmini! Wamenifilisi kwa sababu wameona uvivu kuuliza!"

Sawsan akakusanya vyeti vya usajili na orodha ya tamthilia zote, akafungua kesi kabla ya siku ya mwisho. Baraza halikuona aibu. Lilidai kwamba huko Damasko mwenye studio yeyote lazima awe mtu wa wakubwa. Kesi ikavuta zaidi ya miaka miwili. Vyumba vikakaa vimefungwa, lakini kibao cha Yasmini hakikushuka mlangoni.

Hukumu ikatoka. Baraza halikuthibitisha neno lake, na dhana si ushahidi. Studio ikaondolewa vikwazo, na baraza likaamriwa kulipa gharama za kesi. Pesa zikafunguliwa, waigizaji wakaitwa, Ghiyath akanunua sinia la baklava.

Nuhad hakugusa hata kipande. "Waliniita mdomo wa serikali mbele ya dunia nzima. Nimeisoma hukumu yote. Msamaha uko ukurasa gani?"

"Haumo," Sawsan alisema. "Mahakama imefuta uamuzi. Fidia ni kesi nyingine."

"Tuifungue."

Kesho yake kazi ilianza. Nuhad alisimama kwenye maikrofoni, akawa mama mkwe aliyesingiziwa wizi. Waya zikatikisika. Ghiyath akavua vifaa vya masikioni.

"Mama Karam, punguza hasira kidogo. Ni tamthilia tu."

"Sipunguzi," Nuhad alisema. "Rekodi."